Kiraka Mgongoni mwa Soksi

Sungura alikuwa amepatikana, na kwa sababu hiyo mtu mmoja alikuwa mbioni kushtakiwa kwa mauaji.

Mkaguzi alilitamka jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu asomaye tangazo ukutani, huku akifuta viatu vyake mlangoni pa nyumba ya Profesa. Sajini wake, mwanamke mzito wa umbo na mwepesi wa ulimi, alifuta vya kwake.

"Afande, nimeona watu wakipelekwa mahakamani kwa ajili ya ng'ombe, na kwa ajili ya kuku. Kwa sungura, hii ndiyo mara ya kwanza."

"Sungura huyu ni shahidi, Sajini."

"Basi aletwe aape. Asije akasema tulimhonga karoti."

Mkaguzi hakucheka, lakini alingoja hadi Sajini alipomaliza kucheka ndipo akabisha hodi. Hiyo ilikuwa adabu yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwenye nyumba, Profesa mstaafu ambaye wanafunzi wa vizazi viwili walimwita Mzee Madoa kwa kuwa alitumia maisha yake kuchunguza rangi za wanyama, alikuwa ametoweka kwa muda uliozidi mwezi. Sungura wake naye alitoweka siku ileile. Aliitwa Soksi, kwa maana alikuwa mweupe mwili mzima, isipokuwa masikio, pua, mkia na miguu, ambayo ilikuwa myeusi kana kwamba amevalishwa soksi za shule. Muda wote ambao wawili hao hawakuonekana, polisi hawakuwa na hofu kubwa. Mzee asiyelala bila sungura wake, akiondoka naye, ameondoka kwa hiari. Kisha dada yake Profesa akafika kituoni na kusema kwamba Soksi alikuwa kwake tangu mwanzo. Mdogo wake alimwachia asubuhi ya siku aliyopotea, akaahidi kumpitia jioni.

Hapo mambo yakageuka. Aliyemwacha sungura alikusudia kurudi. Na aliyekusudia kurudi asirudi, yuko aliyemzuia. Mtu wa mwisho kuonekana na Profesa alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa naye ni Daktari wa sayansi katika chuo kilekile. Jirani alimsikia akipaza sauti jioni moja kabla ya tukio: "Nitakuzika wewe na sungura wako!" Ndani ya gari lake palikutwa taulo lenye damu na manyoya meupe. Daktari alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angesimama mbele ya hakimu.

Binti wa Profesa aliwafungulia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini nguo zake zilikuwa zimepigwa pasi.

"Mara ya tatu hii, Mkaguzi. Mnatafuta nini ambacho hamkukiona?"

"Kama ningekijua, Mama, ningekiona mara ya kwanza."

Chumba cha kusomea kilikuwa kama kilivyoachwa. Koti jeupe la maabara lilining'inia msumarini, viwiko vyake vimetiwa viraka kwa uzi wa rangi isiyolingana. Darubini ya shaba ilikuwa imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Karibu na dirisha palikuwa na viti viwili vilivyotazamana, kimoja kipana, kimoja kidogo chenye mto uliochakaa.

"Kile kidogo ni cha marehemu Mama," alisema Binti. "Walikuwa wakikaa hapo kila jioni, wakibishana juu ya sungura kama watu wengine wanavyobishana juu ya watoto. Tangu afariki hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, ila Soksi."

Juu ya meza palikuwa na picha katika fremu. Profesa, akiwa kijana mwembamba, alisimama na mkewe mbele ya nyumba ya mabati, ukungu umewazunguka. Wote wawili walivaa sweta nzito. Mke alikuwa amempakata sungura aliyefanana na Soksi kwa kila hali, ila huyu alikuwa na alama nyeusi ya mraba mgongoni. Mkaguzi aliikwangua kwa ukucha juu ya kioo. Haikutoka.

"Picha imeharibika hapa."

"Ni ya zamani. Hapo ni kituo cha utafiti cha milimani. Ndiko walikoanzia kazi, ndiko nilikozaliwa, na ndiko Mama alikozikwa. Kituo kilifungwa nikiwa shule ya msingi. Nyumba iliezuliwa."

"Nimekwisha kuuliza kule. Askari wanasema ni magofu matupu. Alikuwa akitaka kurudi?"

"Kila siku." Binti aliirekebisha picha, ingawa haikuwa imepinda. "Nami kila siku nilimkatalia. Moyo wake ni mbovu, macho yana ukungu, na huko hospitali hakuna. Nilimwambia, Baba, utakwenda huko mimi nikiwa nimekufa. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Nipeni basi hata mwili, Mkaguzi. Nimzike karibu na Mama. Sitaomba kitu kingine."

*

Dada yake Profesa aliishi upande wa chini wa mji, ambako joto lilikaa mchana na usiku kama mgeni asiyejua kuaga. Alikuwa mwalimu wa ushonaji enzi zake, na bado aliketi wima kama anayeangaliwa na darasa.

"Shikamoo, Mama," alisema Mkaguzi.

"Marahaba, wanangu. Mmekuja tena? Mmenishuku au mmenipenda?"

"Tumempenda sungura," alijibu Sajini.

Soksi alikuwa ndani ya kreti chini ya meza ya jikoni, akihema kwa joto. Sajini alimtoa na kumweka mezani. Mkaguzi alikunjua sikio lake na kusoma alama iliyochanjwa ndani. Ilikuwa ileile aliyopewa na chuo. Sungura alikuwa yeye, si mwingine. Ndipo alipopitisha kiganja mgongoni, naye akakiondoa upesi.

Juu ya kiuno, katikati ya manyoya meupe, palikuwa na kiraka cheusi. Kilikuwa cha mraba, pembe zake nne zimenyooka, ukubwa wa kipande cha sabuni. Manyoya yake yalikuwa mafupi kuliko mengine.

"Hii ni nini, Mama?"

"Madoa. Si ndiyo kazi yao, hao? Kuwa na madoa?"

Sajini alilowesha leso kwa maji na sabuni, akasugua. Leso ilibaki safi. Aling'oa nyoya moja na kulitazama mwangani. Lilikuwa jeusi hadi shinani.

"Amekuwa hapa muda wote?" aliuliza Mkaguzi.

"Hapohapo chini ya meza. Hajatoka hata uani."

Mkaguzi alijifuta shingo. Jasho lilikuwa limempata hata chini ya ukosi. Juu ya kiti kando ya bibi yule palikuwa na kikapu cha sufu, na sindano mbili zimechomekwa katika sweta ya kijivu, pana mabegani, ambayo ilikuwa imebakiza shingo tu.

"Kazi nzuri hiyo," alisema.

"Mikono ya mzee haipendi kukaa bure, mwanangu."

"Kweli kabisa." Alisimama. "Tutamchukua Soksi, Mama. Ni kielelezo. Tutamrudisha."

*

Mganga wa mifugo alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka, na aliongea nao huku akimkata mbwa kucha.

"Namjua Soksi, na nawajua waliomleta. Mzee mwenyewe na yule mwanafunzi wake. Walikuja na gari la mwanafunzi. Sungura alikuwa na jipu mgongoni, limepasuka. Damu ilikuwapo, ndiyo, kwenye taulo lao. Mzee alitetemeka mikono, kwa hiyo mwanafunzi ndiye aliyemshika."

Mkaguzi na Sajini walitazamana. Taulo lilikuwa limejieleza.

"Walikuwa wakigombana?"

"Tangu mlangoni hadi mlangoni. Mwanafunzi akisema ufunguo, mzee akisema mpishi. Sikuelewa neno, lakini niliona kwamba mmoja asingeweza kuishi bila mwenzake."

"Ulimtibu vipi sungura?"

"Nilimnyoa kiraka, nikasafisha, nikashona. Ilikuwa siku moja kabla mzee hajapotea, maana polisi walipotangaza nilishtuka."

"Kiraka cha umbo gani?"

"Mraba. Mimi hunyoa mraba."

"Manyoya uliyonyoa yalikuwa ya rangi gani?"

Mganga aliiacha kucha ya mbwa. "Meupe. Ndugu yangu, mgongo wa sungura yule ulikuwa kama shuka la hospitali."

Mkaguzi alifungua kikapu walichombebea Soksi. Mganga alitazama ndani, akakuna kidevu.

"Kumbe! Basi labda ni kovu."

"Kovu lingefuata njia ya kisu," alisema Mkaguzi. "Hii imefuata njia ya wembe. Pembe zote nne."

Walipofika nje, Sajini alikipakata kikapu kama mama atokaye kliniki. "Afande, ametiwa rangi ya nywele. Wapo wanaume wa umri wako wanaofanya hivyo, na wananyonyoka vilevile."

"Rangi ya dukani hupakwa juu, nyoya likikua shina hutoka na rangi yake. Uliloling'oa lilikuwa jeusi hadi chini. Hii imetoka ndani ya ngozi. Twende tukamwulize anayejua."

"Anayejua tumemfungia."

"Basi hatatusumbua kumtafuta."

*

Daktari aliingizwa katika chumba cha mahojiano akiwa amepungua, ndevu zimemwota bila mpango. Alipoona kikapu kikifunguliwa, alisahau pingu zake.

"Soksi! Bibi mkubwa! Nao wamekukamata?"

Sungura alipiga mguu chini. Daktari alimgeuza kwa mikono miwili iliyofungwa pamoja, akaona mgongo, na mikono ikasimama. Alikaa polepole.

"Amekuwa wapi huyu?"

"Kwa dada yake Profesa," alisema Mkaguzi. "Chini ya meza ya jikoni, tangu siku ile."

"Mtaa wa chini? Kwenye joto lile? Haiwezekani."

"Nieleze kwa nini haiwezekani. Taratibu, kama unavyowaeleza wa mwaka wa kwanza. Sayansi yangu iliishia kwenye kuchora panzi."

Daktari alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe sauti yake ilikuwa ya mwalimu.

"Kila seli katika mwili wa Soksi ina kitabu kilekile cha maagizo. Ya ini, ya jicho, ya ngozi, zote sawa. Ndani ya kitabu hicho mna ukurasa wa kutengeneza rangi nyeusi. Ndio tunaouita jeni. Sasa, kwa nini ini la sungura halina rangi nyeusi kama masikio yake?"

"Wewe ndiye unayehojiwa," alisema Mkaguzi.

"Kwa sababu ini halisomi ukurasa huo," alisema Sajini.

"Umepata, dada. Ukurasa umefungwa. Ni seli chache tu, hasa za ngozi na macho, zilizo na ufunguo. Ni protini fulani inayoshika mwanzo wa ukurasa na kusema, hapa, someni. Na mwenye ufunguo hajiamulii. Hupokea amri kutoka nje ya seli, kama zile za homoni zinazosafiri kwenye damu. Amri ikizidi, ukurasa husomwa sana. Ikipungua, husomwa kidogo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ufunguo."

"Na mpishi?"

Daktari alitabasamu bila kutaka. "Mganga amewasimulia. Ukurasa ukisomwa, hutengenezwa mfanyakazi, kimeng'enya, ambaye ndiye apikaye rangi yenyewe. Huyo Mwalimu wangu alimwita mpishi. Mimi husema mkubwa ni mwenye ufunguo. Yeye husema, ufunguo wa nini ikiwa mpishi amelala? Tumebishana tangu nikiwa sina hata ndevu. Siku ile nikakasirika, nikamwambia nitamzika yeye na sungura wake, yaani kwa kitabu ninachoandika. Nilikosa adabu. Ukuta wa selo umenisikia nikiomba radhi."

"Mpishi wa Soksi ana nini?"

"Ana kasoro ya ukoo. Hawezi joto. Ukurasa unasomwa vizuri, mpishi anafika jikoni, lakini jiko likiwa la moto analala. Ndiyo maana Soksi ni mweupe mwilini, palipo na vuguvugu chini ya manyoya. Masikioni, puani na miguuni, ambako damu hupoa, mpishi yuko macho, na rangi inapikwa."

"Namjua mtu wa namna hiyo," alisema Sajini. "Ila wa kwangu hulala hata kwenye baridi."

"Sasa mnyoe mgongo. Umeivua ngozi blanketi. Ukimweka mahali pa baridi, ngozi inapoa, mpishi anaamka, manyoya mapya yanatoka meusi. Ukimweka kwenye joto, yanatoka meupe kama zamani. Na nyoya likishatoka halibadiliki. Hubaki hivyo mpaka sungura atakapobadili manyoya."

Soksi alikuwa akitafuna kona ya jalada la kesi.

"Kwa hiyo," alisema Mkaguzi, "tangu aliponyolewa, amelala muda mrefu mahali pa baridi kali."

"Shahidi ameapa," alisema Sajini kwa sauti ya chini.

"Nimeona sungura mwingine mwenye mraba kama huu," aliendelea Mkaguzi. "Pichani. Amepakatwa na mke wa Profesa. Nilidhani ni uchafu."

Macho ya Daktari yalilowa. "Si uchafu. Jaribio hilo wengine walikwisha kulifanya nchi za mbali, lakini mama yule hakutaka kuliamini mpaka alione kwa macho yake. Alimnyoa sungura huyo pale milimani, akaenda kumwonyesha kijana aliyekuwa akimchumbia, ndiye Mwalimu wangu. Mwalimu alitusimulia kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo. Alisema wengine hupelekewa maua." Alikishika kiraka kwa kidole kimoja. "Mkaguzi, yu hai?"

"Najua sungura alikokuwa. Zaidi ya hapo sijui. Vaa viatu, utakwenda nasi. Bado ni mahabusu."

*

Dada yake Profesa hakusimama walipoingia. Alikuwa akifuma. Binti, ambaye Mkaguzi alimpitia njiani, alibaki karibu na mlango. Daktari alisimama kando ya Sajini, pingu mikononi.

"Sweta imekwisha, Mama?" aliuliza Mkaguzi.

"Bado shingo."

"Ni ya nani?"

Sindano ziliendelea.

"Katika mtaa huu sijaona mtu aliyevaa hata koti. Na sungura uliyesema amekaa chini ya meza hii ameota manyoya ambayo kwenye joto hili hayaoti. Nyumbani kwa mdogo wako walizungumza jambo hilo miaka yote."

Sindano zilisimama. Yule bibi alimtazama Soksi, kisha, kwa mshangao wa wote, akacheka kicheko kifupi, kikavu.

"Miaka yote nilikaa meza moja nao, nikiwasikia, kiraka hiki, kiraka kile. Nikasema moyoni, hawa wawili wanapiga domo. Laiti ningesikiliza hata mara moja!"

"Shangazi," alisema Binti. "Baba yuko wapi?"

"Yuko anakotaka. Alinililia, mwanangu. Mtoto yule nilimbeba mgongoni mama yetu akienda shamba. Akinililia, mimi sina mdomo wa kumwambia hapana. Wewe ulikuwa nao."

"Nilisema nimzike! Nimemwomba Mkaguzi mwili!"

"Kwa nini ulimrudisha sungura mjini?" Mkaguzi aliingilia kati.

"Askari walipita kule juu wakiuliza habari za mzee mwenye sungura. Nikaogopa. Nikasema, sungura akionekana kwangu, kule wataacha kutafuta."

"Wakaacha. Wakamtafuta huyu." Alimwonyesha Daktari.

"Nilijua serikali haimfungi mtu bila maiti."

"Haimfungi, Mama. Humweka. Na anayewekwa hulala sakafuni sawasawa na aliyefungwa." Sauti ya Mkaguzi haikupanda, lakini hata Sajini aliacha kuegemea ukuta. "Uliwafundisha wasichana wa watu kunyoosha mshono. Maelezo yako uliyoyatoa kituoni yamepinda. Utayafumua, na utayatoa upya. Lakini kwanza utamwambia kijana huyu neno moja, hapa, mbele yangu."

Bibi yule aliweka sweta chini. Alisimama kwa shida, akamwendea Daktari, akaishika mikono iliyofungwa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikulaza vibaya."

"Yu mzima, Mama?" Daktari alisema. "Hilo tu."

"Yu mzima, na anakutukana kila siku. Anasema hakuna wa kubishana naye."

*

Barabara ya milimani ilipanda kwa mizunguko, na kadiri ilivyopanda ndivyo Sajini alivyopandisha kioo cha gari. Nyuma, shangazi na mpwa wake hawakusemezana. "Soksi peke yake ndiye anayeongea na kila mtu," Sajini alimnong'oneza Mkaguzi.

Walifika jua likiwa bado juu ya miti. Askari walikuwa wamesema kweli kuhusu magofu. Nyumba ya pichani ilikuwa kuta tu, majani yameota sebuleni. Lakini hakuna aliyekuwa amezunguka nyuma, ambako banda la zamani la sungura lilisimama na mabati yake yote, na moshi mwembamba ukitoka dirishani. Kando yake palikuwa na kaburi lililofagiliwa.

"Mjane wa mlinzi wa zamani humpelekea chakula," alisema shangazi. "Nami hupanda kila wiki. Mdogo wangu! Nimeleta wageni."

"Nasikia viatu vya serikali," ilijibu sauti kutoka ndani. "Vinakanyaga kwa pamoja."

Profesa aliketi kwenye benchi, amejifunga blanketi, macho yake yamefunikwa na utando mweupe. Nyuma yake vizimba vitupu vilipangwa ukutani, kila kimoja kimeandikwa jina kwa mwandiko wa mwanamke, wino umefifia.

Mkaguzi alivua kofia. "Profesa, mimi ni Mkaguzi wa polisi. Nimekuja kuhakikisha kwamba hujafa."

"Nami hulihakikisha hilo kila asubuhi. Nimemkosea nani?"

"Hilo utaulizwa na wenye haki ya kuuliza."

Sajini alimweka Soksi mapajani pake. Vidole vya mzee vilipita masikioni, vikashuka mgongoni, vikasimama penye manyoya mafupi.

"Yameota. Rangi gani? Nilimwuliza dada yangu, akaniambia niachane naye na mambo yangu. Mimi sioni."

Mkaguzi alitoa ufunguo mfukoni, akamfungua Daktari pingu.

"Meusi, Mwalimu," alisema Daktari kutoka mlangoni. "Meusi kama kiatu cha shule."

Mzee aligeuza uso taratibu kuielekea sauti.

"Umekuja kunizika?"

"Nimekuja na sungura wako. Mambo ya kuzika nimeyaacha mjini."

"Kwa hiyo mpishi aliamka."

"Aliamka."

"Na mwenye ufunguo?"

"Bila yeye, mpishi asingekuwapo jikoni, Mwalimu."

"Hilo sikulikataa hata siku moja," alisema Profesa. "Nilikuwa nangoja ulikubali la kwangu."

Kisha akainua kichwa, kwa kuwa alikuwa amesikia hatua nyingine, nyepesi, ambazo hazikuwa za serikali. Binti aliingia. Alitazama vizimba, akasoma majina, akafika kwenye kimoja na kukigusa mlango kana kwamba kingeamka.

"Nilikutafutia kaburi, Baba."

"Ninalo, mwanangu. Lile pale, kando ya mama yako. Halina haraka."

Binti alikuwa amebeba kikapu cha shangazi yake. Aliitoa sweta isiyo na shingo, akamvalisha baba yake, mkono mmoja kisha wa pili, kama wavalishwavyo watoto. Shangazi alitazama, sindano mkononi.

"Nitalala wapi?" aliuliza Binti.

Mzee alionyesha kona, na ingawa hakuona, kidole hakikukosea. "Palepale ulipolala ulipokuwa mdogo. Ulikuwa ukikataa kitanda, ukitaka kulala na sungura."

Mkaguzi alitoka nje na kuvaa kofia. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, uleule wa pichani. Sajini alimfuata akipuliza viganja.

"Tuandike nini, Afande?"

"Kwamba maelezo ya awali ya dada yake Profesa yamefumuliwa, na kwamba mahabusu ameachiwa huru."

"Na sungura? Ni kielelezo. Ana namba."

Ndani, mabishano yalikuwa yameanza tena, sauti ya kijana na ya mzee zikipandana, na ya mwanamke ikiuliza kuni zimewekwa wapi.

"Andika," alisema Mkaguzi, "kwamba shahidi amesema kweli, na amerudishwa nyumbani."